Masika ya Mikanda Sitini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo saa nne asubuhi, nami nimeona hii ndiyo siku ya kuanza daftari. Watu wakubwa wote huacha maandishi. Shule niliachia darasa la sita, tena niliiacha mimi, si yenyewe iliyoniacha. Mwalimu wa hesabu alinifuata hadi nyumbani kumwomba baba anirudishe, akasema darasa limepoa. Kwa hiyo atakayesoma humu asitafute nukta na mikato. Atafute ukweli.

Mimi ni fundi wa ngozi. Miaka thelathini na moja nimeshona viatu, mikoba, mikanda, na tandiko moja la farasi ambalo farasi mwenyewe alikataa kuvuliwa. Sasa mpwa wangu, binti wa dada yangu, amefungua kampuni. Ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la dawa: madirisha mawili, meza ndefu, cherehani mbili za umeme na rafu ukuta mzima. Wanatengeneza vitu vya wanamuziki. Mikanda ya kuvalia gitaa na saksafoni, mifuko ya vijiti vya ngoma, vipande vya kifuu vya kukwarulia nyuzi. Sharti lao ni moja: kisitumike kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Ngozi hapana, pembe hapana, sufu hapana, gundi ya mifupa hapana. Turubai, mpira, katani na mambo ya miti, basi.

Walipokwama walinijia wenyewe. Bila mimi wangekuwa wameshafunga mlango.

Tuko watatu. Mpwa wangu, mimi, na mama mmoja wa cherehani tunayemwita Mama Pindo, kwa sababu hawezi kuona pindo la mtu limefumuka barabarani asimsimamishe mwenye nguo. Mimi ameniita Mzee Chumvi tangu saa ya kwanza. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ngazi zinateleza.

Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu amenikagua kama askari wa mpakani.

"Mjomba, hicho nini kidoleni?"

"Kastabini."

"Ya nini?"

"Ya kidole."

"Ya kitu gani, Mjomba."

"Ya mbuzi. Lakini alikufa kwa uzee, na tulikuwa tunafahamiana."

Mama Pindo alicheka mpaka sindano ikamvunjikia. Mpwa hakucheka. Alileta katoni, akatia kastabini yangu, vipande vyangu vya ngozi na kopo langu la gundi, akaliweka chini ya ngazi. Nikamwuliza kama na viatu nivue.

"Viatu vyako ni vyako," akasema. "Mimi simwongozi mtu mguu. Lakini kinachopita juu ya meza hii, kina neno langu ndani yake."

Ni mtoto wa msimamo. Akiwa na miaka tisa alimfuata baba yake machinjioni, na nyama hajaila tena. Mimi nilimwambia nilishawahi kushona viatu ambavyo mwenyewe alizikwa navyo, na baada ya miaka ishirini kaburi lilipohamishwa ili barabara ipite, vilikutwa vinang'aa. Akasema, "Hongera Mjomba," akarudi kwenye kazi yake.

Jumatatu, 10 Machi

Leo tumepata mteja mkubwa. Mwalimu wa muziki, mtu mrefu, mwenye mwavuli mrefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Ana shule yake, wanafunzi sitini, na mwisho wa Aprili anaondoka nao kwenda kupiga muziki miji minne. Anataka mikanda sitini. Nyuma ya kila mmoja ishonwe lebo ya kitambaa yenye maneno haya: *Hakuna kiumbe kilichoguswa.*

Maneno ni ya wanafunzi wenyewe. Walipiga kura. Mwaka jana fundi mwingine aliwauzia mikanda, baadaye wakagundua gundi yake ni ya mifupa, na mtoto mmoja wa ngoma akalia siku mbili.

"Kwa hiyo nakuuliza mapema," Mwalimu akamwambia mpwa wangu. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Kwa neno langu."

Mwalimu aliridhika. Mimi niliridhika zaidi, maana ncha za mkanda zina mikunjo sita ya turubai na cherehani haipiti. Hapo panataka msharasi wa kutobolea, na mkono. Mkono ni huu ninaoandikia.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mikanda minne.

Jumamosi, 15 Machi

Leo tumejaribu nguvu. Mkanda mmoja ulifungwa kwenye boriti, tukautundikia ndoo mbili za maji, kisha gunia la vipande vya mpira, kisha mimi. Nilining'inia mpaka Mama Pindo akasema boriti ndiyo inayoomba msamaha. Uzi haukulegea.

Mpwa alikuja na miwani yake, akasoma mishono yangu kama mtu anayesoma barua. Kumi na minane kila ncha, yote imelala upande mmoja.

"Mjomba, uzi wako hauchakai na maji hayapiti. Unafanyaje?"

"Mkono, mwanangu."

"Mkono tu?"

"Mkono tu."

Humu naweza kuandika, kwa sababu daftari halina mdomo. Si mkono tu. Fundi aliyenifundisha alinipa siri moja nami nikiwa sina hata ndevu: uzi ukishausokota, upitishe kwenye nta mara tatu, mara ya mwisho kwa nta iliyopata joto la mwili. Kidonge changu cha nta kinakaa mfuko wa shati, upande wa moyo. Watu huniona natia mkono mfukoni, wanadhani naona baridi. Miaka thelathini na moja hakuna aliyejua, na siri ya fundi haitolewi kwa kuulizwa mara mbili.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Turubai haikauki. Mikanda mitatu tu. Mama Pindo anasema nikipunguza hadithi moja tunapata mkanda mmoja zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mpwa ana kikohozi cha mvua hizi. Mchana dada yangu amepanda ngazi na chupa ya asali, anahema, akaiweka mezani.

"Kunywa vijiko viwili, kifua kifunguke."

"Asante Mama. Asali situmii."

"Kwani nayo ina mfupa?"

"Ni ya nyuki. Nyuki ni mnyama."

Hapo mimi nilicheka nikasimama. Nikasema, nyuki mnyama? Mbona sijamwona amefungwa kamba?

"Hata wewe hufungwi kamba," akasema Mama Pindo, "na tunakuhesabu."

Mpwa alikohoa, akanyoosha maneno pole pole kama anavyonyoosha turubai. "Mjomba, nyuki ana nyumba yake. Ana watoto. Anatafuta mwaka mzima, tunakuja na moshi tunabeba. Kwa hiyo asali hapana. Nta hapana."

Nta hapana.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni tayari. Kidonge kilikuwa na joto. Dada yangu alikuwa anasema jambo kuhusu tangawizi, sikulisikia. Nilikuwa naitazama rafu. Mikanda thelathini na minane imekunjwa pale, kila mmoja na lebo yake mgongoni. *Hakuna kiumbe kilichoguswa.* Na kila mmoja una mishono thelathini na sita iliyolala juu ya nta ya nyuki.

Siku ile alipotaja ngozi na pembe na sufu, nta hakuitaja. Na mimi sikuuliza, maana kuuliza kungekuwa kutoa siri.

Jumatatu, 24 Machi

Nimejitetea kwa siku mbili, na wakili nimejiwekea mzuri. Nimesema nyuki hachinjwi. Nimesema nta ni masazo tu. Nimesema kidogo vile hata nyuki mwenyewe haoni. Mchana nikamwuliza Mama Pindo, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Hivi nyuki ana damu?"

"Ya nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza kitu maisha yako yote. Unaumwa?"

Uzi wa mikanda iliyobaki nimeanza kuupaka mshumaa wa dukani. Unapukutika kama ukurutu, uzi unanikatikia. Ile thelathini na minane sijaigusa. Kidonge nimekitupa kwenye mfereji wa mvua, nikakitazama kinaelea kwenda zake, chepesi, mimi ndiye niliyebaki na uzito.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Mikanda miwili.

Jumanne, 1 Aprili

Leo mpwa alikuwa akishona lebo kwa mkono, moja moja, hataki cherehani izipite. Akaniambia bila kuinua macho: "Unajua Mjomba, wenzangu wana maduka, wana magari ya kupelekea mizigo. Mimi nina hiki kitambaa cha vidole vitatu. Kikiwa kweli, nina kampuni."

Chai yangu ilipoa. Aliponiuliza kwa nini sinywi, nilisingizia tumbo.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika yote, hata kama yatajaza kurasa.

Mwalimu amekuja bila kutarajiwa. Mto umepanda, anaogopa daraja litafungwa, akaona bora achukue mikanda iliyo tayari na mingine ifuate. Maji yalikuwa yanamchuruzika mwavulini na kuacha ziwa mlangoni. Mpwa akafurahi. Akashusha mikanda thelathini na minane, maana ile niliyopaka mshumaa ilikuwa haijamalizwa lebo, akaipanga juu ya meza, akaanza kuifunga kumi kumi.

Mwalimu akachukua mmoja. Akauvuta. Akaupitisha ukucha juu ya mshono, akaumwagia matone kutoka kwenye mwavuli wake, nayo yakateleza yakaanguka.

"Mzee," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa, "huu uzi umeupaka nini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo ulifunguka wenyewe kama mlango wenye mazoea. "Mwalimu," nikasema, "kuna mti unaota nyuma ya mlima. Unatoa utomvu mara moja kila miaka saba. Na anayeukinga lazima awe hajasema na mtu tangu alfajiri, maana ukisikia sauti unarudi ndani."

Mwalimu alisogea karibu. Mama Pindo alisimamisha cherehani asikie mwisho wake. Nami nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa na uzi wa lebo mdomoni, anatabasamu. Alijua natia chumvi. Ila aliamini kwamba chini ya chumvi kuna chakula.

Nimesema uongo mwingi maisha yangu. Lakini ule wote ulikuwa wangu; nilikuwa ninauvaa mwenyewe na kuuvua mwenyewe. Huu ungeshonwa mgongoni mwa mtoto huyu, na katika mikanda ya watoto sitini ambao walipiga kura.

"Hakuna mti," nikasema.

"Vipi?"

"Hakuna mti wala mlima. Ni nta ya nyuki. Nimepaka yote hiyo iliyo mezani."

 Mwalimu aliurudisha mkanda mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyomrudisha mtoto wa watu. Mpwa alitoa uzi mdomoni.

"Lini umejua, Mjomba? Kwamba nta nayo imo."

Ningeweza kusema leo. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika ulimini.

"Siku ya asali."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu.

Mwalimu akasema, si kwa hasira, "Hawa watoto nitawaambia nini?"

"Waambie ilivyokuwa," mpwa akajibu. "Na uwaambie tarehe ishirini na sita. Mshono kwa mshono, tutafumua na kushona upya. Wakitaka kuja kuangalia, waje."

"Saa nne asubuhi," akasema Mwalimu. "Ikipita hapo nawanunulia kamba za nailoni sokoni, na sitarudi." Akachukua mwavuli wake akashuka. Hakubeba hata mmoja.

Nilidhani mpwa atanipigia kelele. Bora angepiga. Alianza kufumua lebo zote alizozishona, akizipanga kwenye sahani, na ndipo akasema:

"Nyuki ningekusamehe hapo hapo, Mjomba. Hukujua. Lakini siku kumi na mbili ulijua, ukakaa hapa unaniangalia nashona."

Nikachukua mkasi, nikaanza kufumua mkanda wa kwanza.

"Kazi hii ikiisha tutazungumza," akasema.

Ijumaa, 4 Aprili

Kuna jambo nililoliandika vibaya ukurasa wa kwanza. Hawakunijia. Meza yangu ya viatu ilikuwa imekaa miezi minne bila hata kandambili ya kubandika. Dada yangu ndiye aliyepanda zile ngazi kumwomba mwanawe anipokee. Mpwa alikubali kabla mama yake hajamaliza kuhema. Hili alinisimulia Mama Pindo leo, tukifumua.

"Nilidhani unalijua," akasema.

Nilikuwa nalijua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mikanda thelathini na minane, ncha mbili mbili, mishono kumi na minane kila ncha. Elfu moja mia tatu sitini na nane. Nimeipiga hesabu mara mbili, yule mwalimu wangu angefurahi. Tumefumua yote, tumechemsha ncha kwa sabuni kuitoa nta, sasa zinaning'inia kwenye kamba chumba kizima. Na ile mikanda kumi na moja ya mshumaa, nayo nimeifumua, haifai.

Mpwa ananiambia "pisha", "mkasi", "asante". Basi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Uzi mkavu unanyonya maji kama taulo. Nimeshona ncha tano, zote zimelegea. Bado siku kumi na saba.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu nianze ufundi. Nimeuliza.

Nilisimama mbele ya mpwa wangu nikasema, "Mwanangu, nahitaji kitu kigumu kama nta, kinachoyeyuka kwa moto na kushika uzi, kisichotoka kwa kiumbe. Mimi sikijui. Wewe unakijua?"

Alinyanyuka kitini. Kisha akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, kwenye rafu ninayoiegemea kila siku, akashusha kopo la bati. Nta ya majani. Inakwanguliwa kwenye majani ya aina fulani ya mnazi wa nchi za mbali. Yeye huitumia kung'arishia vifuu. Mwezi mzima nimekaa nayo bega kwa bega.

Peke yake inavunjika kama sukari guru. Tukaiyeyusha na mafuta ya nyonyo: kijiko kimoja, imelainika mno, nusu, bado inanata, robo, ikakaa. Nikaupitisha uzi mara tatu. Mpwa akaumwagia maji, yakateleza.

"Mara ya mwisho," nikamwambia, "iwe na joto la mwili. Hiyo ndiyo siri yenyewe." Nikaifinyanga kidonge, nikakitia kiganjani mwake, nikamfunga vidole.

 Alikishika kidonge kile mpaka kikapata joto.

Jumanne, 15 Aprili

Umeme umekatika tangu jana kwa sababu ya mvua. Cherehani zimelala, na Mama Pindo hana kazi. Akavuta kiti kando yangu.

"Nionyeshe."

Zamani ningesema mkono huzaliwa nao. Nimemwonyesha sindano mbili kwenye uzi mmoja, zinavyopishana tundu moja kama watu wawili mlangoni, huyu akivuta kulia na yule kushoto. Mishono yake ya kwanza ilikuwa kama meno ya kibogoyo. Ya jioni ilikuwa mizuri. Kusema kweli ilikaribia yangu, na kwa mtu anayenijua mimi, hayo si maneno madogo.

"Hii ndiyo uliyokuwa ukificha miaka thelathini?" akauliza.

"Na mmoja."

"Mficha uchi hazai, Mzee Chumvi."

Mpwa, akiwa dirishani na msharasi wake, alicheka. Ni mara ya kwanza tangu tarehe tatu. Nilijifanya natafuta mkasi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Ncha kumi na tisa, mikono sita.

Jumatatu, 21 Aprili

Mwalimu ametuma wanafunzi wawili waangalie, msichana wa saksafoni na mwenziwe wa ngoma. Walinusa kopo, wakasoma maandishi yake, wakauliza kila kitu. Yule wa ngoma akaniuliza kama ni mimi niliyesema ukweli wa nta. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kwa nini nilisema. Nilikuwa na majibu matatu mazuri, moja likiwa na simba. Nikamwambia, "Niliona aibu zaidi kunyamaza."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima, akaniomba ajaribu mshono mmoja. Umo, katika mkanda wa hamsini na mbili. Umepinda. Nimeuacha.

Ijumaa, 25 Aprili

Saa tisa alasiri mkanda wa sitini umekwisha. Umetundikiwa ndoo mbili. Mama Pindo kaning'inia badala yangu, na boriti ilinyamaza.

Zilibaki lebo. Mpwa alileta sahani yenye lebo zote sitini, akaiweka mbele yangu pamoja na sindano nyembamba.

"Zishone wewe, Mjomba."

"Mshono wako mzuri zaidi kwa vitambaa."

"Najua."

Wakaniachia meza. Nimezishona mchana uliobaki hadi usiku, na kila moja nimeisoma kabla ya kuitia sindano, sitini zote, japo zimeandikwa maneno yale yale.  

Jumamosi, 26 Aprili

Saa nne kasoro dakika tano Mwalimu alikuwa mlangoni. Alikagua mikanda kumi, kila mshono. Kisha akafungua kasha alilokuja nalo, akatoa saksafoni, akaivaa kwa mkanda wetu, akapiga. Alipiga kitu cha polepole, kisha cha haraka, mpaka watu wa duka la dawa wakatoka kutazama juu. Aliruka mara mbili kuupima mkanda. Mtu mrefu vile.

Ameibeba yote sitini. Alinipa mkono wa mwisho, baada ya wengine, lakini alinipa.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo jua limetoka, na leo ndiyo tumezungumza. Nilikuja mapema, nimeshafunga msharasi wangu na sindano kwenye kitambaa, ili nisihangaike kutafuta nikiambiwa niende.

Mpwa alikiona kile kitambaa mezani. Akakifungua, akavirudisha vifaa kimoja kimoja mahali pake.

"Mwalimu amewaambia wenzake," akasema. "Shule mbili nyingine zimeandika barua. Alhamisi wanakuja akina mama wanne kujifunza mshono wa mkono. Wewe ndiye mwalimu wao. Utawafundisha kila kitu, Mjomba. Usibakishe."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Ila hadithi hapana. Nataka wamalize kazi."

Nikamwambia hadithi ndizo zinazoshikilia mkono usichoke. Akasema hapana. Nikasema tatu kwa siku. Mama Pindo, kutoka kwenye cherehani, akasema sifuri ni namba nzuri pia. Tumekubaliana moja, baada ya chai, na nianze kwa kutangaza kwamba ni hadithi.

Nimekaa dirishani nachagua ya Alhamisi.